TAHARIRI: PESA NI ZETU, NYUMBA NI ZA NANI?

Ndugu wanachama,

Mwezi huu twataka kusema juu ya mstari mmoja mdogo ulio katika karatasi ya mshahara ya kila mmoja wetu. Uko pamoja na kodi ya mapato na malipo ya uzeeni na ya hospitali, nao ni tozo ya nyumba. Wengi wetu huutazama, hunung'unika, kisha hukunja karatasi na kuitia mfukoni. Jioni kwenye kibanda cha chai maneno ni yale yale: "Wametukata tena." Asubuhi twaenda kazini, na mwezi ukiisha twakatwa tena.

Kunung'unika peke yake si kazi ya chama. Kazi ya chama ni kulijua jambo lilivyo, ni nani aliyelikata shauri, na ni wapi mfanyakazi anaweza kutia mkono wake ili shauri lile limfae. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili tangu mwanzo, kwa lugha yetu sote, ili hata mwenzetu aliyeajiriwa jana alielewe.

Kwanza, hesabu. Sheria yasema mfanyakazi akatwe asilimia moja na nusu ya mshahara wake wote, na tajiri wake aongeze kiasi kicho hicho kutoka mfukoni mwake. Mtu anayepata Sh. 30,000/- kwa mwezi hukatwa Sh. 450/-, na tajiri hutoa Sh. 450/-, jumla Sh. 900/-. Kwa mwaka ni Sh. 10,800/-. Akifanya kazi miaka kumi kwa mshahara huo, yeye peke yake atakuwa ametoa Sh. 54,000/-, bila kuhesabu za tajiri. Yafaa ieleweke wazi kwamba pesa hizi si akiba. Hazimngojei mwenyewe mpaka astaafu kama pensheni. Kukatwa pia hakumpi mtu nyumba. Anayetaka nyumba sharti aombe, akubaliwe, kisha ailipie. Wengi bado wadhani wanalipia nyumba yao kidogo kidogo. Sivyo.

Pili, mambo haya yalianzaje? Desemba 2017 Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangaza kwamba nyumba 500,000 zitajengwa ifikapo mwaka 2022. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaleta makato ya asilimia moja na nusu. Shirikisho letu kuu, COTU, likaenda mahakamani na makato yakasimamishwa. Mwaka 2022 ulipofika, hesabu ile ya nyumba 500,000 haikuwa imetimia.

Mwaka 2023 Serikali ya Rais William Ruto iliyarudisha makato katika Sheria ya Fedha, na mara hii viongozi wa COTU waliyaunga mkono. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema makato yale hayakufuata Katiba. Hayakuwa na sheria kamili ya kuyaongoza, na yaliwabagua watu wa mshahara kwa kuwaacha wengine wenye mapato yao. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kuruhusu makato yaendelee wakati rufani inangoja kusikizwa. Ndipo Bunge likarudi kazini na kutunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo Rais aliitia sahihi tarehe 19 Machi 2024. Mara hii iliwagusa hata wenye mapato yasiyo ya mshahara. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ilizikataa kesi zilizoletwa kuipinga.

Basi hiyo ndiyo sheria, na chama hiki hakimwambii mtu aivunje. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Bunge lilipitisha jambo kwa haraka, wananchi wachache wakauliza maswali mahakamani, na Bunge lililazimika kulifanya upya na kuliandika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Wale waliouliza hawakuwa na bunduki wala fimbo. Walikuwa na Katiba mkononi na walijua kifungu gani kinasema nini. Na ikiwa watu hawasikizwi mapema, twajua linalotokea. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, risasi zikapigwa, na watoto wa watu wakafa. Siku iliyofuata Rais alisema hatautia sahihi mswada ule. Yale yaliyokataliwa kwa maneno yalikubaliwa baada ya damu. Hatutaki mashauri ya nchi yakatwe kwa njia hiyo tena. Tunataka kusikizwa kabla, nasi twapaswa kujitokeza kabla.

Labda mtu atauliza: Kwa nini chama kijishughulishe na nyumba, wakati kazi yake ni mshahara? Jibu ni kwamba mambo hayo mawili hayajawahi kutengana. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na moja ya madai yao makubwa ilikuwa pesa za kodi ya nyumba. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilisema waziwazi kwamba mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, na kwamba sharti uwe wa kumtosha mtu na jamaa yake, pamoja na nyumba yao. Wazee wetu walilipigania jambo hilo mpaka likawa sheria. Leo Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yasema tajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa karibu na kazi yake, au amlipe pesa za kutosha kukodi nyumba, juu ya mshahara wake.

Shikeni sana maneno hayo: juu ya mshahara wake. Wako matajiri wanaosema, "Sasa natoa tozo ya nyumba kwa ajili yako, usiniulize tena posho ya nyumba." Maneno hayo si kweli. Tozo ni deni la tajiri kwa Serikali. Posho ya nyumba ni deni la tajiri kwa mfanyakazi. Deni moja halilipi jingine. Mwanachama atakayeambiwa hivyo alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

Sisi tulio kazini katika reli tuna sababu nyingine ya kulijali neno nyumba. Reli yenyewe haijafika Isiolo. Treni ya zamani yaishia Nanyuki, kama kilomita 80 kutoka hapa, na ile reli ya kutoka Lamu iliyotajwa Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa, mpaka sasa twaiona katika ramani tu. Lakini watu wa Isiolo wamefanya kazi ya reli mbali na kwao, wakakaa katika landi. Wanaojua landi wajua maisha yake: chumba kimoja, bomba la maji la watu wengi, na nyumba ambayo ni yako maadamu jina lako liko katika daftari la kazi.

Yuko mzee mmoja wa hapa aliyekuwa nyapara wa gengi. Kwa miaka mingi alipindua mataruma, akakaza boliti, akaamka usiku wa mvua kutazama kama maji yamekula tuta. Watoto wake walizaliwa landi. Siku ya kustaafu alirudisha ufunguo, akatia vyombo vyake katika lori, akarudi Isiolo. Hapa alikuwa na barua ya kugawiwa ploti, aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Alipokwenda kutia misingi alikuta watu wengine wawili, kila mmoja na barua yake, ya ploti ile ile. Barua zote tatu zilikuwa na mihuri. Mzee hakujenga. Leo amepanga chumba cha mabati, na mwenye nyumba akiongeza kodi, hana pa kulalamikia. Alijenga njia ya nchi nzima, na hana mahali pa kupigilia msumari wa kutundika kofia yake.

Tena tukumbuke Muthurwa, Nairobi, penye nyumba za reli za tangu zamani. Nyumba zile na ardhi yake zilitiwa katika mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wenye mfuko walitaka wapangaji watoke ili mahali pale pajengwe upya. Wapangaji walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2013 jaji aliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba pande zote zikae pamoja zipange utaratibu wa watu kuhama. Hapa palikuwa na wafanyakazi pande zote mbili: wastaafu wanaohitaji pensheni, na wapangaji wanaohitaji paa. Hatusemi ni nani aliyekuwa na haja kubwa zaidi. Twasema tu kwamba nyumba isiyo na karatasi ya haki mkononi mwa anayeilala ni nyumba ya kuazima, hata kama ameilala miaka arobaini.

Sasa tuje Isiolo yetu. Ni nani mwenye kazi ya nyumba katika nchi hii? Wengi hujibu, "Serikali ya Nairobi." Ni nusu ya kweli. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, yaipa Serikali Kuu kazi ya sera ya nyumba, yaani kupanga njia ya jumla. Lakini jedwali hilo hilo laipa Serikali ya Kaunti mipango na maendeleo ya mahali, pamoja na upimaji wa ardhi na nyumba. Kwa hiyo swali la nyumba gani zijengwe Isiolo, na mahali gani, haliwezi kujibiwa Nairobi peke yake.

Wazee watakumbuka kwamba zamani tulikuwa na Baraza la Kaunti na madiwani wake, na jinsi lilivyokauka. Mwaka 1969 sheria ilitungwa ya kuyaondolea mabaraza ya kaunti kazi za shule za msingi, afya na barabara. Miaka michache baadaye ile kodi ya kichwa iliyokuwa ikiyalisha mabaraza nayo iliondolewa. Diwani alibaki na kiti na kofia, lakini bila fedha na bila kazi. Kazi moja ilibaki, nayo ni kuishika ardhi ya wananchi kwa niaba yao, na katika hiyo ndimo barua za ploti zilimozaliana kama sungura. Mabaraza yote 175 ya nchi yalikwisha baada ya uchaguzi wa 2013, zikaja kaunti 47. Tulishangilia tukasema mambo yamerudi nyumbani.

Je, yamerudi? Tufikiri. Tozo ya nyumba hukatwa Isiolo kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa askari wa mlangoni, kwa mpishi wa hoteli, kwa dereva wa lori. Hukusanywa na KRA na kuingia katika mfuko ulio Nairobi. Huko ndiko hukatwa shauri la kujenga wapi. Bunge la Taifa lina wabunge 349, nasi wa Isiolo tuna watatu: wa Isiolo Kaskazini, wa Isiolo Kusini na Mwakilishi wa Wanawake. Katika Seneti yenye watu 67 tuna seneta mmoja wa kumchagua. Hao wakilala, sisi hatumo. Hata wakiwa macho, watatu kati ya 349 ni sauti ndogo, isipokuwa wawe na jambo lililoandikwa na kutiwa sahihi na watu wa kwao.

Lakini sheria yenyewe ya 2024 imeacha mlango. Inataka kila kaunti iwe na kamati yake ya nyumba za bei nafuu za mjini na mashambani. Hapo ndipo pa kutia mguu. Swali ni hili: ni wanachama wangapi wa tawi hili wawezao kutaja mtu mmoja wa kamati hiyo, au siku iliyokutana? Twasema haya kwa aibu, kwa sababu sisi wenyewe wa halmashauri ya tawi hatukuwahi kuuliza mpaka mwaka huu.

Na kabla ya nyumba kuna ardhi. Mtu hajengi angani. Katika mji huu, kuanzia Bulapesa mpaka Kulamawe, kutoka Kambi Garba mpaka Kiwanjani, wako watu waliozaliwa na kuzaa mahali pamoja, na walicho nacho ni barua tu, wala si hati ya kumiliki. Wako waliohamishwa kupisha uwanja wa ndege, wakakaa miaka mingi wakingoja viwanja vyao. Mtu wa barua hawezi kukopa benki ajenge. Hawezi kuweka choo cha kudumu kwa moyo mtulivu. Kwa mtu huyo, hati ya kumiliki ardhi yake yaweza kuwa msaada mkubwa kuliko ghorofa nzima iliyojengwa kwa ajili ya mtu mwingine. Akipata hati, atajenga mwenyewe, chumba kwa chumba, kama watu wa hapa wanavyojenga siku zote. Tena nyumba za Serikali zikijengwa juu ya ardhi yenye barua tatu tatu, tutakuwa tumeongeza ghorofa juu ya ugomvi.

Kisha twauliza nyumba hizi ni za nani. Sheria imewagawa watu kwa mapato. Wenye mapato ya chini ya Sh. 20,000/- kwa mwezi wamewekewa nyumba za aina yao. Wa kutoka Sh. 20,000/- mpaka Sh. 149,000/- wamewekewa nyingine, na wa juu ya hapo nyingine tena. Tazameni hilo kundi la kati. Mtu wa Sh. 21,000/- yumo pamoja na mtu wa Sh. 149,000/-. Wakisimama foleni moja, ni nani atakayefika dirishani kwanza? Na wale wa chini ya Sh. 20,000/-, ambao ndio wengi katika mji huu, je, watahesabiwa wangapi katika kila nyumba mia zitakazojengwa? Mwanamke anayejenga nyumba ya kuhama huangalia kwanza watu watakaolala ndani, ndipo akate fito. Hakati fito kwanza akaenda kutafuta watu wa kuzijaza. Twaomba Serikali ifuate akili ya mama huyo.

Tusiwasahau wenzetu wasio na karatasi ya mshahara: wachukuzi wa mizigo, wauza miraa, wapiga matofali, vijana wa bodaboda, akina mama wa sokoni na wa maziwa ya ngamia. Sheria yawataja kwamba nao walipe kwa mapato yao, lakini ni vigumu kuwakata, kwa hiyo mzigo unabaki juu ya mwenye mshahara. Wengine wetu huwaonea wivu. Haifai. Ndugu yako asiye na mshahara ndiye unayemlisha mwisho wa mwezi, na paa lake likivuja atahamia kwako. Mpango wa nyumba usiomfaa yeye hautakufaa hata wewe.

Sasa twasema juu ya makosa yetu sisi wenyewe. Katiba yalilazimisha Bunge, katika kifungu cha 118, na Bunge la Kaunti, katika kifungu cha 196, kuwashirikisha wananchi katika kazi zao. Mimi mwandishi nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Tangazo lilibandikwa ukutani siku mbili kabla. Katika ukumbi walikuwa watu wachache, wengi wao waliokuja kwa ajili ya kitu kingine. Karatasi iliyogawiwa ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nyingi, maneno ya kisheria matupu. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na Kiingereza changu ni cha kusoma ratiba ya treni. Nilifungua kamusi nikafika ukurasa wa nne, na mkutano ukafungwa. Tuliandika majina yetu katika daftari la mahudhurio. Baadaye majina hayo yalihesabiwa kuwa ndiyo maoni ya wananchi.

Kosa la kwanza ni la walioitisha mkutano. Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Sheria inayokata mshahara wa mtu yafaa aisome kabla ya kukatwa, na katika lugha anayoisoma. Lakini kosa la pili ni letu. Chama chenye wanachama waliojaa mji mzima kilileta watu wanne. Mchezo wa mpira uwanjani siku ile ulikuwa na watu mia kadhaa, na wanachama wetu nikawaona huko nilipokuwa nikirudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tunataka nyumba, lakini kuinama hatutaki.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubaliana juu ya mambo matano, na twaomba kila mwanachama ayajadili kabla ya mkutano mkuu wa tawi.

La kwanza, tutaandika barua kwa wenye mamlaka ya mpango huu, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tukiuliza: Isiolo imepangiwa nyumba ngapi, mahali gani, juu ya ardhi ya nani, za aina gani, na ngapi kati yake ni za watu wa mapato ya chini? Sheria yawapa siku 21 za kujibu. Siku ya 22 tutaanza kuhesabu kwa sauti.

La pili, tutawaomba wawakilishi wa wadi zetu kumi katika Bunge la Kaunti waiulize Serikali ya Kaunti ni lini upimaji wa mji utakwisha na hati kutolewa. Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa katika Bunge hilo kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Fedha za kupima ardhi zisipokuwamo, twataka kuambiwa mbele ya watu kwa nini hazimo.

La tatu, tutapeleka ombi Bungeni kwa haki iliyo katika kifungu cha 119, tukitaka sehemu ya nyumba hizi ziwe za kupangisha kwa kodi ndogo. Si kila mfanyakazi anataka kununua mahali alipopelekwa na kazi. Wa reli, wa polisi, wa shule, leo yuko hapa na kesho yuko kwingine. Mtu huyo ataka chumba safi chenye maji, kwa kodi isiyomla nusu ya mshahara, na cheti cha kwamba hatatolewa usiku.

La nne, kila mwaka wa fedha Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu za Serikali na kupeleka taarifa Bungeni. Kamati yetu ya elimu itaitafuta taarifa ya mfuko wa nyumba, na jarida hili litaieleza kwa Kiswahili, kwa kadiri ya akili tulizo nazo. Pesa iliyokatwa kwa ajili ya nyumba ionekane nyumbani. Ikikaa mahali pengine ikizaa riba, tuambiwe yazaa kwa nani.

La tano ni la ndani ya chama. Mwaka 2018 viongozi wetu wa taifa walikwenda mahakamani kuyapinga makato. Mwaka 2023 waliyakubali. Yamkini walikuwa na sababu nzuri. Mtu mwenye akili hubadili shauri akiona jambo jipya. Lakini sisi wanachama tulizisikia habari hizo redioni kama watu wa nje. Twaomba kwa heshima kwamba, kabla ya jina letu kutumika tena kukubali au kukataa jambo la mshahara, matawi yaulizwe. Hatuwezi kuidai Serikali itusikize ikiwa ndani ya chama chetu hatusikizani.

Ndugu wanachama, hatupingi nyumba. Ni nani atakayepinga nyumba, naye amelala watu sita katika chumba kimoja? Nyumba nzuri ikijengwa Isiolo na muuza maziwa akapewa ufunguo wake, tarishi wa ofisi akapewa wake, na yule nyapara mzee akapata mahali pa kupigilia msumari wake, basi Sh. 450/- zetu zitakuwa zimefanya kazi ya heshima, nasi tutakuwa wa kwanza kusema ahsante. Tunalokataa ni kulipa kimya kimya, kisha kuonyeshwa picha ya nyumba katika gazeti.

Kuanzia mwezi ujao karatasi ya mshahara isikunjwe tu na kutiwa mfukoni. Mkutano wa tawi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, mahali petu pa siku zote. Njooni na karatasi zenu. Mwenye barua ya ploti na aje nayo. Asiyejua kusoma na aje na mtoto wake anayesoma. Tutaanza kwa wakati, na waliochelewa watakaa nje juani.

Umoja ni nguvu.

Mhariri, kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi,
Isiolo